Uliza Jina Kabla ya Bei

Chungu cheusi kinachong'aa cha San Bartolo Coyotepec, kijiji kilicho kusini mwa jiji la Oaxaca nchini Meksiko, hakifai kutunzia maji. Vyungu vya zamani vya kijiji hicho vilikuwa vya kijivu, havikuwa na mng'ao, na vilichomwa kwa moto mkali hadi vikakomaa. Watu walibebea maji humo, na pia mezcal, pombe kali inayotokana na mmea wa jamii ya mkonge. Kisha, katika miaka ya 1950, mfinyanzi mmoja wa hapo, Rosa Real Mateo, aliyejulikana na wengi kama Doña Rosa, akagundua kwamba akiusugua udongo kwa jiwe la kwatzi kabla haujakauka kabisa, na akiuchoma kwa moto mdogo kuliko ule wa kawaida, chungu hutoka tanurini kikiwa cheusi na laini kama kioo. Alipoteza chombo cha maji akapata chombo cha kutazamwa. Soko likamwitikia, na kijiji kizima kikamfuata.

Leo chungu hicho huuzwa kwa wageni kama kitu cha kale kilichorithiwa tangu kabla ya kuja kwa Wahispania. Ufinyanzi wa Coyotepec ni wa kale kweli, na hata leo wafinyanzi wake huzungusha udongo kwa visahani viwili, kimoja kimefudikizwa chini na kingine kimewekwa juu yake, kwa nguvu za mkono tu. Lakini mng'ao si wa kale. Mng'ao una mwenyewe, una jina, na tunajua ulizaliwa katika muongo gani.

Hoja yangu naisema mapema ili msomaji asichoke njiani. Sifa tunayowapa mafundi wa Meksiko, kwamba wao ni walinzi wa jadi ya maelfu ya miaka, ndiyo inayowanyang'anya. Inawanyang'anya jina, inawanyang'anya bei, na inawanyang'anya haki ya kubadilika. Tunawavika taji, kisha tunawapekua mifuko.

Tuchukue mfano unaojulikana zaidi. Alebrije ni wale wanyama wa ajabu wenye mabawa, pembe na rangi kali, ambao dunia iliwazoea zaidi kupitia filamu ya Coco ya mwaka 2017. Katika maduka ya watalii utaambiwa ni roho walinzi wa wenyeji wa kale. Si kweli. Walitoka kichwani mwa Pedro Linares, fundi wa Mexico City aliyezaliwa 1906, ambaye riziki yake ilikuwa kuunda vitu kwa karatasi na gundi: barakoa, piñata, na sanamu za Yuda ambazo watu huzilipua wakati wa Pasaka. Mwaka 1936 aliugua sana. Kwa simulizi yake mwenyewe, aliota yuko msituni, na wanyama waliochanganyika maumbo wakawa wanapiga kelele neno moja lisilo na maana: alebrijes. Alipopata nafuu akaanza kuwaunda kama alivyowaona. Huko Oaxaca, Manuel Jiménez wa San Antonio Arrazola naye alikuwa akichonga wanyama kwa mbao laini za mti wa copal, na baadaye soko likavipa vinyago hivyo vya mbao jina la vile vya karatasi. Kwa hiyo "roho ya kale" tunayoinunua ni ndoto ya mgonjwa mmoja wa mjini iliyokutana na panga la mkulima mmoja wa shamba. Hili halipunguzi thamani yake hata chembe. Kwangu mimi linaiongeza.

Nenda kaskazini, jimbo la Chihuahua, katika kijiji cha Mata Ortiz. Karibu na hapo kuna magofu ya Paquimé, mji ulioachwa karne kadhaa zilizopita. Juan Quezada, aliyezaliwa 1940, alikuwa kijana akitafuta kuni milimani alipoanza kuokota vigae vya vyungu vya watu wale. Hakukuwa na mwalimu wa kumfundisha, kwa sababu mnyororo wa kurithishana ulikuwa umekatika zamani sana. Akautafuta udongo mwenyewe, akayatafuta madini ya rangi mwenyewe, akatengeneza brashi kwa nywele za binadamu, akajifunza kuchoma kwa mavi makavu ya ng'ombe, akakosea kwa miaka mingi. Mwaka 1976 Mmarekani Spencer MacCallum alivikuta vyungu vyake vitatu katika duka la vitu vilivyotumika huko Deming, New Mexico, bila jina la aliyevitengeneza. Akafanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: akafunga safari kwenda kumtafuta mwenye mikono ile, hadi akampata. Quezada aliwafundisha ndugu zake na majirani, na kijiji kilichokuwa maskini kikawa kijiji cha wafinyanzi. Mwaka 1999 taifa likamtunuku tuzo yake kuu ya sanaa.

Au chukua tarizi za Tenango de Doria, jimbo la Hidalgo: wanyama na maua ya rangi kali kwenye kitambaa cheupe, ambazo leo ziko kwenye mito ya viti vya nusu ya hoteli za Meksiko. Inasimuliwa kwamba zilianza katika miaka ya 1960, ukame ulipoharibu mazao na wanawake wa Otomi wakahitaji kitu cha kuuza. Walikuwa na ujuzi wa sindano tangu kwa mama zao. Walichokibuni ni namna mpya ya kuutumia, na walikibuni kwa njaa.

Simtaji Doña Rosa, Linares, Quezada na wanawake wa Tenango ili kuwaumbua wauzaji wa hadithi. Nawataja ili tuone akili ikifanya kazi. Fundi anatazama alicho nacho, anatazama soko, anatazama watoto wake, anajaribu, anaharibu, anarudia. Mtu akifanya hivyo Paris tunamwita mbunifu. Akifanya hivyo Oaxaca tunasema jadi imejieleza kupitia kwake, kana kwamba yeye ni bomba na maji yanatoka kwingine. Mara nyingi jadi ni jina tunaloipa kazi ya akili baada ya kumsahau mwenye akili.

Mazoea haya hayakuota yenyewe. Mapinduzi ya Meksiko yaliiacha nchi imechanika, na serikali ya Álvaro Obregón ilihitaji kitu cha kuwaonesha watu kwamba wao ni taifa moja. Septemba 1921, katika kuadhimisha miaka mia ya uhuru, yakafanyika maonesho ya sanaa za umma mjini Mexico City, yakiandaliwa na wachoraji Roberto Montenegro na Jorge Enciso. Mchoraji mwingine, Gerardo Murillo, aliyejiita Dr. Atl, akaandika kitabu kikubwa kuhusu sanaa hizo. Mwaka 1930 René d'Harnoncourt akakusanya maonesho mengine yaliyofika hadi Metropolitan Museum jijini New York.

Sina chuki na watu hao. Kabla yao, matajiri wa Meksiko walikuwa wakiona aibu kuweka chungu cha kijijini sebuleni, na wao waliigeuza aibu hiyo kuwa fahari. Lakini tazama jinsi kazi ilivyogawanywa. Aliyepaka rangi ukuta wa serikali akawa Diego Rivera. Aliyefinyanga chungu akawa "umma". Mmoja alipewa jina na wasifu, mwingine akapewa sifa ya pamoja, na sifa ya pamoja hailipi ada ya shule. Tangu hapo kuna ngazi mbili. Juu yuko msanii, ambaye kazi yake ni yake. Chini yuko fundi, ambaye kazi yake ni ya Meksiko.

Muhula uliopita, katika masomo yangu ya uzamili, tulipelekwa kwenye ghala la makumbusho fulani kujifunza kuandika kadi za maelezo. Meza yetu ilipewa sanduku la vitu vya Meksiko: sanamu ndogo za udongo, barakoa ya mbao, na huipil, vazi pana la wanawake linalofumwa kwa kamba ya mgongoni. Daftari la mapokezi lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko mzuri wa watu wa zamani. Lilikuwa na jina la aliyetoa zawadi, na cheo chake. Lilikuwa na jina la dalali, tarehe ya ununuzi, bei, hata gharama ya kufungasha. Kwenye safu ya mtengenezaji, mstari baada ya mstari, neno moja: hajulikani.

Aliyekuwa akitusimamia akasema hiyo ni kawaida kwa sanaa ya jadi, tuendelee. Mimi sikuweza kuendelea haraka hivyo. Dalali alilipa, na bei imeandikwa hadi senti. Pesa haikutupwa hewani; iliwekwa kwenye kiganja cha mtu, mchana, sokoni au mlangoni kwake, na mtu huyo alikuwa na jina ambalo jirani yake yeyote angelitaja bila kufikiri. Muda wa kuandika gharama ya kufungasha ulikuwepo. Muda wa kuuliza "unaitwa nani, mama?" haukuwepo. Kwa hiyo neno "hajulikani" ni uongo wa kisarufi. Linaweka upungufu kwa fundi, kana kwamba yeye ndiye aliyejificha. Neno la kweli lingekuwa "hatukuuliza". Napendekeza kila makumbusho yenye kadi ya namna hiyo iibadilishe leo, na mgeni asome ukutani: Chungu, Oaxaca, hatukuuliza jina la mfinyanzi. Aibu hiyo itafanya kazi ambayo semina kumi hazitaifanya.

Sasa tuje kwenye bei, kwa sababu jina na bei ni ndugu wa tumbo moja.

Wahenga wetu walisema mfinyanzi hulia gaeni. Tumeizoea kama kichekesho: fundi wa vyungu hana chungu kizima nyumbani kwake. Mimi naisoma kama shtaka. Mfinyanzi halii gaeni kwa uzembe. Analia gaeni kwa sababu kila chungu kizima kimeuzwa, na kimeuzwa kwa bei isiyomruhusu abaki na kimoja.

Fikiria zulia la Teotitlán del Valle, kijiji cha wafumaji wa Zapotec katika bonde la Oaxaca. Sufu inaoshwa, inachanwa, inasokotwa. Rangi nyekundu hutokana na kochinili, wadudu wadogo wanaoishi juu ya mpungate. Hukusanywa, hukaushwa, husagwa, kisha maji ya ndimu au majivu huongezwa ili wekundu uelekee kwenye chungwa au zambarau. Buluu hutokana na mnili. Ndipo mfumaji asimame kwenye mtambo wake wa miguu kwa siku nyingi, na kwa zulia kubwa lenye nakshi ndogondogo ni miezi. Anafika mgeni, analishika zulia, analisifu kwamba ni la jadi, la asili, la roho, kisha anataka lipunguzwe kwa theluthi moja. Amefundishwa na kitabu cha wasafiri kwamba kupatana ni sehemu ya utamaduni. Mgeni huyohuyo akiingia kwenye nyumba ya sanaa mjini na kukuta picha iliyosainiwa, hawezi kuthubutu kumwambia mwenye duka kwamba picha hii inaweza kushuka.

Kinachotofautisha ni sahihi. Wafinyanzi wa Mata Ortiz hutia sahihi chini ya vyungu vyao, na chungu chenye jina kubwa hununuliwa kwa bei ambayo chungu kisicho na jina hakiwezi kuiota. Udongo ni uleule, na moto ni uleule wa mavi ya ng'ombe. Kilichobadilika ni kwamba mnunuzi amelazimishwa kukumbuka kwamba kuna mtu.

Na wakati mwingine bei hulipwa kwa damu, bila mfano wowote wa maneno. Vyombo vingi vya udongo vya Meksiko vilivyochomwa kwa moto mdogo vimepakwa tangu enzi za Wahispania rangi ya kung'arisha yenye madini ya risasi. Sumu hiyo huingia kwenye chakula cha anayekitumia chombo, lakini wanaoumia kwanza ni watoto wa nyumba ambamo karakana na jiko ni ua mmoja. Shirika la serikali la kukuza sanaa za mikono, FONART, lililoanzishwa 1974, limekuwa likiwahimiza wafinyanzi kutumia rangi isiyo na risasi, na zipo karakana zilizobadilika. Lakini kubadilika kunahitaji vifaa vipya na mara nyingi tanuri jipya, na tanuri halinunuliwi kwa sifa. Anayetaka chombo "kibaki kama kilivyokuwa zamani" na hapo hapo akatae kuongeza peso ishirini, ajue anachokitaka.

Haki ya tatu ni ya kubadilika, na hapa undumilakuwili hauna hata haya. Katika miaka ya 1980 wanunuzi wa Marekani walikwenda Teotitlán na picha mikononi. Waliwataka wafumaji wa Zapotec wawafumie nakshi za Wanavajo, kwa sababu mazulia ya Wanavajo wenyewe yalikuwa ghali. Wengine walileta michoro ya Picasso, Miró na Escher. Wafumaji walifuma, tena kwa ustadi wa kutisha. Hilo liliitwa biashara. Lakini mfumaji kijana wa kijiji hichohicho akiamka kesho na kufuma simu ya mkononi au basi la abiria kwenye zulia lake, atasikia wapenzi wa sanaa wakilia kwamba jadi inakufa. Dalali akiagiza badiliko, ni soko. Fundi akiliwaza mwenyewe, ni uharibifu.

Wawixárika, ambao wageni waliwaita Huichol, wanapamba vitu kwa shanga ndogo za kioo zinazonunuliwa kutoka nje ya nchi, wakizibandika moja moja juu ya nta. Mwaka 2010 mafundi wanane wa jamii hiyo waliifunika gari nzima aina ya Volkswagen, ile ya mgongo wa kobe, kwa zaidi ya shanga milioni mbili. Gari hilo linaitwa Vochol. Ndani ya nakshi zake wamo kulungu, nge, mahindi na peyote, mmea wao mtakatifu. Ni la jadi au ni la kisasa? Swali lenyewe ni la kipuuzi. Ni lao. Kioo kimetoka mbali, chuma kimetoka kiwandani, na fikra imetoka nyumbani.

Nakuja sasa kwenye wizi mkubwa, ule unaovaa suti. Ukishasema kwamba kitu ni cha kale, hakina jina, ni cha watu wote, umeshamfungulia mlango anayetaka kukichukua. Mwaka 2015 wanawake wa Santa María Tlahuitoltepec, mji wa jamii ya Mixe katika milima ya Oaxaca, waliiona blauzi yao ikiuzwa na mbunifu wa Kifaransa Isabel Marant. Kilichofuata kingechekesha kama kisingeumiza. Kampuni nyingine ya Ufaransa, Antik Batik, ilikuwa imemshtaki Marant mjini Paris ikidai blauzi ile ni mali yake. Marant akajitetea kwa kusema mtindo huo unatoka Tlahuitoltepec. Mahakama ikakubali kwamba Antik Batik haiwezi kuumiliki. Kwa hiyo jina la kijiji lilikumbukwa, vizuri kabisa, pale kampuni moja ilipolihitaji kuikinga isishindwe na kampuni nyingine.

Juni 2019 Waziri wa Utamaduni wa Meksiko, Alejandra Frausto, aliiandikia nyumba ya mitindo ya Carolina Herrera akitaka maelezo, kwa sababu mkusanyo wake mpya ulikuwa na tarizi za Tenango de Doria na nakshi za sarape ya Saltillo. Jibu lilikuwa kwamba mkusanyo ule ni heshima kwa utajiri wa Meksiko. Tazama neno hilo, heshima. Mwaka 2020 Frausto alimwandikia tena Marant, safari hii kwa nakshi za Wapurépecha wa Michoacán, na Marant akaomba radhi, akasema naye alikusudia kutoa heshima. Mimi nimelelewa katika mila ambazo heshima huanza kwa hodi. Anayeingia chumbani kwako usiku akaondoka na shuka lako, kisha asubuhi akaja kukusifu kwamba shuka lako ni zuri, hatumwiti mwenye heshima.

Hapa ndipo rafiki yangu mmoja wa darasani, mtu ninayemheshimu, hunikatiza. Wewe unapigania majina ya watu binafsi, husema, lakini blauzi ya Tlahuitoltepec haina mbunifu mmoja. Ni ya mji mzima. Ukisisitiza sahihi unawavunjia ngome yao ya pamoja, na unaleta ubinafsi wa kigeni mahali ambapo watu humiliki pamoja.

Ni hoja nzito na naijibu hivi. Mali ya jamii si mali ya kila mpita njia. Kisima cha kijiji ni cha wote, lakini "wote" hao wanajulikana kwa majina, wana zamu, wana mzee wa kisima, na mgeni haleti lori la maji bila kuuliza. Tlahuitoltepec ina viongozi wake na ina mkutano wake mkuu wa wananchi, unaokaa na kuamua. Ina anwani. Jamii yenye mkutano mkuu haiwezi kuitwa haijulikani. Jina ninalolidai linaweza kuwa la mtu, la ukoo, la karakana au la mji. Wenyewe ndio waseme ni lipi. Ninachokikataa ni ule ukungu unaoitwa "jadi", ambao hauna sanduku la posta, hauwezi kusaini mkataba, na kwa hiyo haulipwi.

Meksiko yenyewe imeanza kulielewa hili. Januari 2022 ilitangazwa sheria ya shirikisho ya kulinda urithi wa utamaduni wa watu na jamii za wenyeji asilia na Waafrika wa Meksiko. Inatambua kwamba jamii hizo ndizo zenye mali, na kwamba anayetaka kuitumia kibiashara aombe ridhaa yao. Sheria ikiwa kwenye karatasi haifumi wala haifinyangi, na wengi wana mashaka jinsi itakavyotekelezwa, hasa dhidi ya kampuni zilizo ng'ambo. Lakini Agosti 2025 wawakilishi wa Adidas walilazimika kwenda Villa Hidalgo Yalálag, mji wa milimani, kuomba radhi hadharani kwa kiatu alichokibuni Willy Chavarria kwa kuiga ndara za huarache za mji huo. Hawakuomba radhi kwa "jadi". Waliomba radhi kwa watu waliokuwa mbele yao.

Nakubali pia kwamba jina moja linaweza kuficha mikono mingi. Katika vijiji vya wachongaji wa Oaxaca, mara nyingi mwanamume huchonga na mwanamke hupaka rangi, na rangi ndiyo inayochukua muda mrefu zaidi na ndiyo inayomvuta mnunuzi. Kisha chini ya kinyago huandikwa jina la mwanamume. Huo nao ni wizi, mdogo na wa ndani ya nyumba, na haufutiki kwa kumsingizia mgeni. Dawa yake ni kuongeza majina. Kama kinyago kimepitia kwa mchongaji, mpigaji msasa na wapakaji wawili, chini yake pana nafasi ya majina manne. Filamu huonesha majina mpaka ya aliyepika chai, na hakuna aliyelalamika kwamba orodha imezidi urefu.

Wapo watakaoniuliza, wewe si Mmeksiko, nani kakutuma? Hakuna aliyenituma, na siwasemei mafundi. Yalálag imejisemea, na Tlahuitoltepec pia. Ninaowasemesha ni watu wa upande wangu wa meza: wanafunzi wa makumbusho, waandishi wa kadi, wasafiri, wapambaji wa nyumba, wahariri wanaoweka picha ya kinyago kwenye jalada na kuandika chini yake "sanaa ya Meksiko" kana kwamba nchi ina vidole.

Kwa hao nina maombi machache, wala si magumu. Ukinunua, uliza jina la aliyetengeneza, andika, na uliweke pamoja na kitu, ili atakayekirithi asirithi ububu. Ukiambiwa ni mikono mingi, andika mingi. Ukiambiwa ni nakshi ya mji, andika mji, na kama unataka kuitumia kwenye biashara yako, nenda ukapige hodi kwenye mji huo ukubali pia kuambiwa hapana. Ukiona fundi amebadilisha alichokuwa akikifanya bibi yake, usimhurumie. Huenda bibi yake naye alibadilisha. Ukiambiwa bei, kumbuka siku alizosimama kwenye mtambo, kisha ulipe. Na ukijikuta unataka kusema kitu hiki ni cha maelfu ya miaka, jiulize kwanza kama unamsifu fundi au unatafuta njia ya kutomlipa.

Juan Quezada alifariki 2022. Leo wako wafinyanzi wa Mata Ortiz ambao hawakuwahi kufundishwa naye, walifundishwa na waliofundishwa na ndugu zake. Wanachanganya rangi ambazo yeye hakuzitumia na wanachora wanyama ambao Paquimé haikuwachora. Wakimaliza, kabla udongo haujaingia motoni, wanakigeuza chungu juu chini na kuandika majina yao kwenye kitako. Kigeuze nawe, usome.